Maswali ya Mbu Nyumbani kwa Mama Matthew

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikakatika saa mbili kasoro, kisha jua likatoka kali na barabara ya kwenda Mtongwe, kule Likoni, ikaanza kufuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu hali ya hewa hainihukumu.

Mnaonifuata hapa kila Jumamosi mnanijua. Mimi ni Winfred Nyevu wa Utange, mama wa watoto watatu, niliyerudi shule nikiwa na miaka arobaini. Mmesoma jinsi mume wangu alivyokwenda Lamu kutafuta kazi, akaipata pamoja na mke. Mmesoma jinsi kibanda changu cha mahamri kilivyobomolewa wiki ile ile niliyoanza masomo ya jioni, na jinsi nilivyopata alama kumi na moja kwa mia katika hesabu, nikamshukuru Mungu kwa kila moja.

Wiki jana niliwaacha pale nilipochaguliwa kuwa mhoji katika utafiti, mimi mwenye kidato cha tatu, nikiwaacha nje vijana wawili wenye diploma. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, naelewa Kigiriama, na nina barua tatu zinazosema kwamba nina mwenendo mwema.

Hilo jina jema ndiyo mali yangu yote. Lilinipa nafasi darasani, likanipa kazi, likanipa hata safu hii mnayoisoma.

Kwa wiki kumi na moja mmenihurumia. Wengine mmeniombea kwa jina. Mama mmoja wa Changamwe aliniandikia kwamba hajapata kusoma habari za mtu mwema aliyeonewa kiasi hiki. Mungu awabariki. Leo naomba mzizuie hizo huruma kidogo, huenda mkaona zinafaa kwingine.

Utafiti wenyewe ulihusu mateso. Kupigwa, kutishwa, kutukanwa, nyumbani na shuleni, na mambo hayo yanamfanya nini mtu miaka mingi baadaye. Fomu ilikuwa na kurasa ishirini na mbili. Vishikwambi tulivyoahidiwa vilikuwa njiani, na hadi leo viko njiani, kwa hiyo tulipewa karatasi, kalamu, na mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua.

Msimamizi wetu ni Bi Salsabil, binti wa miaka ishirini na saba kutoka ukoo wa zamani wa wauza vitambaa. Ana shahada mbili na hajawahi kupandisha sauti. Alitufunza siku tano.

Kwanza, alisema, usimhoji mtu unayemjua. Ndiyo maana sisi wa Utange tulipelekwa Likoni, na wa Likoni wakaletwa kwetu.

Pili, mama ahojiwe akiwa peke yake. Akiingia mtu, awe mume au mkwe au jirani wa kuomba chumvi, unafunga kurasa zako na kufungua karatasi ya kijani iliyo nyuma ya fomu. Karatasi ya kijani ina maswali ya mbu. Una vyandarua vingapi, maji yametuama wapi, mtoto aliugua malaria lini. Unauliza hayo kwa uso mkavu mpaka aliyeingia atoke. Mama unakuwa umeshamweleza mapema, kwa hiyo anaelewa. Aliyeingia anadhani serikali imewakumbuka mbu.

Niliipenda karatasi ile. Nilisema moyoni kwamba hekima hii haikutoka kwa binadamu.

Sheria ya tatu aliitoa akinitazama mimi.

"Mama Kaingu," akasema, akinipa heshima ya jina la kifungua mimba wangu, "najua wewe ni mtu wa ibada, na Mwenyezi Mungu akuzidishie. Lakini ukimwombea mtu kabla ya kumuuliza, atakujibu yale anayodhani wataka kuyasikia. Tafadhali mamangu, usiombe."

Nilikubali. Nikaenda nyumbani kumwomba Mungu anisaidie nisiombe.

Basi Jumanne hiyo nilihesabu mageti kama tulivyofunzwa, kila la sita, nikafika kwenye geti la buluu lenye maua ya chuma. Akafungua mama wa umri wangu, mwembamba, kichwa amekinyoa safi kama mtu aliyetoka matangani. Alisema anaitwa Mama Matthew. Fomu haitaki jina lingine, nami sikuuliza.

Nikajitambulisha kama sheria inavyotaka, jina langu lote, Winfred Nyevu. Akanitazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akanikaribisha ndani, akanipa kigoda, akaketi kwenye kingine mbele yangu na sinia lake la kunde.

Nikamweleza juu ya karatasi ya kijani, nikampa fomu ya ridhaa atie sahihi. Akasema nimsomee, yeye ataweka dole gumba, kusoma hajui.

Nilimtazama kwa huruma ya mtu aliyefika kidato cha tatu.

Na hapo nikavunja sheria ya tatu. Mvua ilikuwa imeninyeshea, nyumba ilikuwa tulivu, nikaona neno dogo haliwezi kuharibu utafiti wa watu wenye shahada. Nikasema tuanze na maombi. Nikafumba macho, nikaomba dakika moja. Labda tatu. Nilipofumbua, mama yule alikuwa ananitazama. Nadhani hakuyafumba hata kidogo.

"Uliza," akasema.

Nikauliza. Sehemu ya kwanza ni ya mume. Amewahi kukupiga kofi? Hapana. Kukusukuma? Hapana. Kukutukana mbele ya watu? Hapana. Kukukataza kwenda kwenu? Akasema kwao hana hamu napo, lakini mume hajamkataza.

Mimi ni mtu mwenye uzoefu wa waume, kwa hiyo sikumwamini. Nikamuuliza kama ana uhakika. Nikamuuliza tena. Mara ya tatu nikamwambia kwa upole kwamba hapa pana usiri, mama, usiogope. Tulifunzwa siku nzima kutofanya hivyo.

Akacheka kidogo, akaendelea kuchambua kunde.

Kabla sijamuuliza mara ya nne mlango ukafunikwa na mtu. Mume. Pande la mtu, mikono ina makovu ya moto hadi viwikoni, miwani nyeusi ya kuchomelea vyuma imekaa juu ya paji la uso. Nikajiambia, huyu hapa sasa. Mikono hiyo haikuletwa duniani kubembeleza.

Nikageuza karatasi ya kijani kwa kasi ambayo ingemfurahisha Bi Salsabil.

Mwenyewe aliitwa Katana. Alinisalimu vizuri, akaketi, na aliposikia habari ni ya mbu akajibu maswali yote yeye. Vyandarua vinne. Kimoja kilichanika, akakishona kwa waya mwembamba wa kazini. Maji yametuama kwenye mtaro nyuma ya duka, ameshaandika barua mbili kwa ofisi ya wadi, na kama mimi ndiye jibu la barua hizo basi nimechelewa lakini karibu. Akanichorea mtaro wenyewe pembeni ya fomu. Kisha akatoa chapati mbili za moto alizomletea mkewe, akamwekea juu ya sahani, akamkumbusha anywe dawa ya kifua, akarudi zake kwenye kazi nje ya geti.

Mtu mjanja sana, niliwaza. Anajua kujificha.

Nikafungua ukurasa wa kumi na nne. Utoto na shule. Sehemu rahisi hii, watu huwa wanataja mwalimu fulani na kiboko chake, tunacheka, tunaendelea.

Nikasoma kama ilivyoandikwa. Je, ulipokuwa shuleni, kuna mwanafunzi au kundi la wanafunzi waliokupiga, kukutisha au kukudhalilisha zaidi ya mara moja?

"Ndiyo."

Wa kike au wa kiume? Wa kike. Watano, lakini kiongozi alikuwa mmoja. Darasa la ngapi? La sita, mwaka wa tisini na tano. Walikufanyia nini?

Mama akaweka sinia chini.

Akasema alikuwa na tatizo la kujikojolea, hata mchana, darasani. Nyumbani baba yake alikuwa akimpiga kila siku kwa mshipi, na ilifika mahali akisikia kiti kikivutwa tu, mkojo unatoka. Hakumwambia mtu. Darasani kulikuwa na msichana kiongozi wa maombi. Msichana huyo akatangaza kwamba lile ni pepo. Basi kila Ijumaa, baada ya kipindi cha dini, wasichana watano walimpeleka nyuma ya tangi la maji kumwombea.

Kalamu yangu ikapunguza mwendo. Shule zenye tangi ni nyingi, nikajiambia. Na Ijumaa zipo kila mahali.

Walimpigisha magoti kwenye kokoto. Mmoja alimshika miguu, wawili mikono, kiongozi akamwekea mkono kichwani akimtikisa, wa tano akammwagia ndoo ya maji kuliosha pepo. Alitakiwa alitaje pepo kwa jina ndipo aachwe. Hakulijua jina lolote la pepo, kwa hiyo alikuwa akiyabuni. Alibuni majina muhula mzima.

"Siku ya mwisho nilichoka kubuni," akasema. "Nikataja jina la baba yangu."

Nikamuuliza wakafanya nini. Fomu haina swali hilo. Niliuliza mimi.

"Wakacheka. Kiongozi akasema pepo linawadanganya, mwageni maji tena. Jumatatu yake sikurudi shule. Mpaka leo."

Akanieleza yaliyofuata, nami nikayaandika, maana ukurasa wa kumi na sita unataka athari. Kusoma hakujua. Mtu akimgusa kichwa anapoteza pumzi, ndiyo sababu hasuki, anajinyoa mwenyewe. Kanisani hajaingia miaka ishirini na tisa. Watoto wanakwenda na baba yao, yeye hubaki akichambua kunde.

Kisha akaimba. Mstari mmoja tu, kwa sauti ndogo, wa pambio tulilokuwa tukiimba tukienda nyuma ya tangi.

Nimesema tulilokuwa tukiimba. Pambio lile nililitunga mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mitatu. Hakuna shule nyingine duniani iliyokuwa nalo.

Wasomaji wangu, huwa mnaniuliza imani inamsaidiaje mtu saa ya majaribu. Nitawaambia ilivyonisaidia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe nyuma ya fomu, ukageuza karatasi ya kijani.

"Usiku wa jana," nikauliza kwa uso mkavu, "watoto wote walilala ndani ya chandarua?"

Mama Matthew akageuka kutazama mlango. Mlangoni hakukuwa na mtu. Mumewe tulimsikia nje, akigonga chuma.

Akanigeukia mimi.

"Ameingia nani, Winfred, hata ugeuze karatasi?"

Nikaitazama karatasi. Swali lililofuata kwenye karatasi lilikuwa kama ndoo za maji zina vifuniko.

"Lavender," nikasema. Jina lilikuja lenyewe, pamoja na uso wa mtoto wa darasa la sita, sketi imelowa.

"Heri umelikumbuka."

Akasema alinijua pale getini, nilipotaja jina. Wala hakushangaa sana, maana jina langu anaishi nalo. Kila Jumamosi mumewe huleta gazeti hili na kumsomea safu yangu, kwa sababu Mtongwe nzima wanaisoma. Hakumwambia kwa nini anapenda kuisikiliza.

"Nimekusikiliza wiki zote hizo ukilia gazetini. Kibanda chako, mume wako, hesabu zako. Nikawa nangoja ufike kwangu. Wiki ya tatu nikadhani umefika, ulipoanza habari za shule. Ukasema tangu utotoni ulikuwa na kipawa cha kuwaombea wanyonge."

Niliandika hivyo kweli. Mhariri alilipenda sana lile fungu, akalitia kwenye herufi nene.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia tulikuwa watoto. Nikamwambia nilidhani namsaidia. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yalitoka kinywani yakinuka. Nikamwambia pia kwamba kokoto sizikumbuki, wala kicheko, wala jina la baba yake, na hilo pia ni kweli, ndilo baya kuliko yote. Yeye amebeba muhula mzima kichwani kwa miaka ishirini na tisa. Mimi nilibaki na pambio, na Biblia niliyozawadiwa mwisho wa mwaka kwa uongozi bora wa maombi.

Machozi yakanitoka. Huwa yanatoka kirahisi, nyinyi mnajua.

Na sasa sikilizeni nilivyomaliza kazi. Moyo wangu ulijaa toba, na mimi moyo ukijaa najua kitu kimoja tu cha kufanya. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema, "Tuombe, dada yangu," nikainua mkono kumwekea kichwani.

Lavender aliruka. Kigoda kikaanguka, sahani ikavunjika, kunde zikamwagika chumba kizima. Alibandika mgongo ukutani, mikono miwili juu ya kichwa chake kilichonyolewa, akivuta pumzi isiyoingia. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili. Nami nimepiga magoti mbele yake, mkono bado uko hewani.

Mlango ukafunguka. Katana aliingia mbio, nyuma yake Bi Salsabil na mwavuli wake, maana siku hiyo alikuwa akizunguka kukagua kazi zetu nyumba kwa nyumba. Mungu hupanga ratiba vizuri sana.

Katana hakunitazama. Alisimama mbali kidogo na mkewe, akafungua viganja aione mikono yake, akawa anahesabu polepole, moja, mbili, tatu, naye akivuta pumzi kwa hesabu ile. Walifika thelathini na kitu. Ilionekana hesabu hiyo wameizoea. Kumbe mikono ile ililetwa duniani kwa kazi hiyo.

Alipotulia, Katana akauliza neno moja.

"Ndiye?"

"Ndiye," Lavender akasema.

Nilingoja anipige. Nadhani nilitaka anipige, ningekuwa na habari nyingine ya kuwaandikia. Akakiinua kigoda, akakifuta, akamketisha mkewe.

Bi Salsabil aliokota fomu sakafuni. Akasoma ukurasa wa kumi na nne hadi wa kumi na sita akiwa amesimama, akafika mahali ambapo mwandiko wangu mzuri unakatika. Akaniuliza kama namjua mama huyu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama niliomba. Nikasema ndiyo, mara mbili.

"Basi kazi yetu pamoja imeisha leo, Mama Kaingu," akasema, kwa sauti ile ile aliyonisihi nayo nisiombe.

Akamgeukia Lavender, akamtaka radhi kwa kirefu, kwa maneno mazuri ambayo siwezi kuyarudia yote. Akamweleza kwamba fomu aliyojaza mtu anayemjua haiwezi kuhesabiwa, itabidi ichanwe. Lakini kama ataridhia, yeye mwenyewe atarudi siku atakayoitaka wamalize upya.

Lavender akamuuliza kama fomu hiyo mpya itakuwa na kurasa zile zile. Akaambiwa ndiyo, ishirini na mbili.

"Zote za waliofanyiwa?"

"Zote."

"Na za waliofanya ziko wapi?"

Bi Salsabil ana shahada mbili. Aliliandika swali lile kwenye daftari lake dogo.

Lavender akasema ataridhia, lakini kwanza mimi. Hataki magoti, hataki machozi, hayo ameyasikia gazetini. Anataka niandike. Safu hii hii, Jumamosi hii hii, jina lake na langu, bila kuficha tangi wala ndoo. Bi Salsabil alimuuliza mara mbili kama kweli anataka jina lake litoke. Akasema jina lake lilitajwa mbele ya darasa kila Ijumaa bila yeye kuulizwa, sasa ameulizwa, na jibu ni ndiyo. Bi Salsabil akayaandika hayo kwenye karatasi safi, Lavender akaweka dole gumba. Mumewe akasoma kilichoandikwa, akaweka sahihi chini yake. Basi msije mkadhani nimefichua siri ya watu. Dhambi hiyo moja sina.

Nikakubali kuandika. Nikadhani imeisha, nikaanza kufunga mfuko wangu.

"Wale wengine je?" akauliza Lavender.

Nikasema wengine siwakumbuki vizuri.

"Wa ndoo alishakufa, Mungu amrehemu. Wa mikono walikwenda Arabuni, sina habari zao. Aliyekuwa akinishika miguu alikuwa Purity. Huyo pia humkumbuki?"

Namkumbuka. Nilimwona juzi. Purity ni mke wa mchungaji wetu pale Utange. Darasa la jioni linakaa katika ukumbi wa kanisa lao. Yeye ndiye anayetunza orodha ya mahudhurio, na bila sahihi yake hakuna atakayesajiliwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Na kati ya zile barua tatu za mwenendo mwema, mbili aliziandika yeye kwa mkono wake.

Nikaanza kujadiliana. Naona haya kuwaambia, lakini mmeshafika hapa. Nikapendekeza nimwandike kama mama fulani. Au rafiki wa utotoni. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, lawama zinanitosha, kwa nini tumharibie mtu huduma. Nilisema kwa ufasaha. Hata Mwalimu Justus wa Kiswahili angenipa alama.

Katana alikuwa akiokota kunde sakafuni. Hakuinua kichwa.

"Mama," akasema, "mke wangu alitolewa shule akiwa na miaka kumi na mitatu. Wewe unaogopa kutolewa ukiwa na arobaini na mbili?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama alivyoeleza habari za mtaro.

Lavender akaniambia anachotaka. Jumapili, kanisani kwetu, nisimame niseme. Yeye hatakuja, hawezi kuingia, lakini mumewe atakuja, ataketi kiti cha mbele, atarudi amsimulie neno kwa neno. Kama kuna neno litakalopungua atalijua. Ndipo atakapomwita Bi Salsabil aje na fomu yake. Nisiposema, yeye naye hatasema, na utafiti uendelee kuuliza mageti mengine.

Nikahesabu siku. Gazeti hutoka Jumamosi. Purity hulisoma asubuhi na mapema, tena husoma safu yangu kwa sauti kwa kina mama wa usafi wa kanisa, akisema mwoneni dada yetu anavyoinuliwa. Kwa hiyo Purity, kama unasoma haya, na najua unasoma, umeshafika kwenye jina lako, na kina mama wamenyamaza. Una siku moja. Mimi nilikuwa na tano.

"Ahidi," Lavender akasema. "Usimwahidi Mungu, huyo umemwahidi sana. Niahidi mimi, na hawa wawili wasikie."

Nilisimama. Sikujua mikono niiweke wapi, maana sijawahi kusema jambo zito bila kuifumbata. Niliiacha ikaning'inia. Macho nayo nikayaacha wazi.

"Mimi Winfred Nyevu," nikasema, "nakuahidi wewe Lavender, mbele ya Baba Matthew na mbele ya Bi Salsabil. Jumamosi nitaandika, na majina yetu yatakuwemo. Jumapili nitasimama Utange baada ya matangazo, niseme tuliyokufanyia nyuma ya tangi, kisha nimwite Purity kwa jina asimame kando yangu. Sitaomba kabla yake wala baada yake. Na wakinizima kipaza sauti, nitakwenda mlangoni, nimwambie kila atokaye, mmoja mmoja, mpaka kanisa liishe watu."